Upepo wa Kipindi cha Pili

Mimi nilikuwa namba kumi. Nasema hilo mapema kwa sababu siku hizi nikisimama mbele ya darasa hapa Mandewa, tumbo limetangulia na chaki mkononi, wanafunzi hawaamini. Juzi mmoja aliniuliza kama ni kweli niliwahi kucheza mpira, na wenzake wakaangua kicheko kabla sijafungua mdomo. Nikawapa hesabu ishirini za sehemu wakafanyie nyumbani. Hasira zangu zinajulikana shule nzima, wala sizifichi.

Kwa asiyefuatilia mpira, namba kumi ndiye anayechezesha timu. Hafungi sana. Kazi yake ni kuangalia nani yuko wapi na nani anakimbilia wapi, halafu ampelekee mpira pale anapokwenda, siyo pale aliposimama. Akikosea, timu nzima inaonekana haijui mpira. Akipatia, anayebebwa mabegani ni yule aliyefunga. Kazi hiyo niliifanya misimu mitatu katika chuo kimoja cha ualimu nje kidogo ya mji wa Singida, na misimu yote mitatu nilikuwa nataka kitu kimoja tu: nitoke pale nikiwa mchezaji. Ualimu ulikuwa wa baba. Ni yeye aliyejaza fomu, akaipeleka mwenyewe, akaniambia siku ya kuondoka. Mimi nilitaka timu ya ligi, hata ya daraja la chini, hata ya kulala chini kwenye mkeka.

Nilitokea kijiji cha Mgori. Nyumbani tulilima uwele, mtama na alizeti, na baada ya kuvuna na kupura, kazi inayobaki ni kupepeta. Unasimama, unainua ungo juu ya kichwa, unamwaga kidogo kidogo, upepo unachukua makapi na punje zinaanguka miguuni. Upepo Singida tunao, hilo halina ubishi. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa unavuma kutoka mashariki mchana kutwa, mpaka macho yanakuwa mekundu na mchanga unausikia kwenye meno. Mama alizijua saa zake kuliko mtu wa redio. Saa nne anasema bado, tulieni. Saa tisa anasema haya, sasa. Jua likianza kugusa miti upande wa pili anatupigia kelele kwa Kinyaturu tumalize upesi, kwa sababu upepo ule jioni unalala. Ukichelewa unamwaga, punje na makapi vinadondoka pamoja, na kazi yako umeirudisha mwanzo. Nilianza kupepeta nikiwa na miaka sita, kwa hiyo haya mambo sikuyasoma chuoni.

Msimu wa kwanza nilikula benchi. Timu ilifundishwa na mkufunzi wa michezo, mama mmoja wa Kinyiramba kutoka Iramba, mfupi, filimbi shingoni, kanga kiunoni juu ya suruali ya michezo. Sote tulimwita Madam. Siku ya kwanza ya majaribio nilikuwa namwelekeza kila mtu: wewe panda, wewe rudi, wewe umelala. Madam akapiga filimbi, akaniita pembeni.

"Wewe kijana, unacheza namba ngapi?"

"Kumi, Madam."

"Naona unacheza mdomo. Nenda kakae."

Nilikaa mechi sita. Nilichukia, jamani, nilichukia mpaka chakula cha bwaloni kikawa hakipiti. Mechi ya saba namba kumi wetu alishikwa na malaria, na Madam akatazama benchi lote, akavuta pumzi, akanionyesha kidole.

Uwanja wetu ulikuwa umelala mashariki na magharibi, hauna nyasi, una mawe madogo, na ng'ombe wa majirani walikuwa wanaukata katikati wakati wa mazoezi. Mchana ule upepo ulikuwa mgongoni kwetu. Nikaona mabeki wa wapinzani wanasimama kusubiri mipira ya juu, wamejiandaa kupiga vichwa. Basi nikaunyanyua mmoja juu sana, kupita wanapopiga wengine. Wakaukadiria. Wakarudi hatua mbili. Upepo ukausukuma, ukawapita, ukadondoka nyuma yao, na namba tisa wetu, mfungaji, alikuwa ameshafika. Goli. Baada ya dakika kumi nikarudia vilevile. Goli. Beki wao mmoja alikaa chini akawa anaangalia angani kama mtu aliyeibiwa.

Ile pasi haikuwa uchawi. Nilikuwa namwaga ungo tu. Ila sikumwambia mtu, nikawaacha waseme nina kipaji.

Huyo namba tisa ndiye mtu wa pili katika habari hii. Alikuwa Mgogo, mtoto wa Itigi, mrefu, mkimya hadi kero. Bwenini tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini. Mama yake alikuwa anauza asali stesheni, na kila akirudi likizo alikuja na chupa moja, akaiweka juu ya sanduku langu bila maneno. Yeye hakutaka ligi. Nilimuuliza mara nyingi, kwa sababu sikuelewa. Alitaka amalize, apangiwe shule karibu na Itigi, awe anafundisha na kumsaidia mama yake. "Mpira nacheza tu, mwanangu," alikuwa anasema, na mimi nilikuwa namwona mjinga. Mtu anafunga magoli kumi na kitu kwa msimu halafu anatamani ubao na chaki!

Msimu wa pili Madam alinivalisha kitambaa cha unahodha. Wachezaji hawakufurahi, lakini tulikuwa tunashinda, na tulishinda kwa mpango wangu. Nikishinda kura ya shilingi, nilichagua kwanza kucheza upepo ukiwa usoni. Watu waliniona kichaa. Lakini sikia: mwenzako akipewa upepo mgongoni mapema anashikwa na tamaa, anapiga mipira mirefu, anakimbia kama amefungwa pikipiki. Sisi tunabana, tunavumilia. Kipindi cha pili yeye amechoka, vumbi lote liko machoni pake, na upepo ni wetu. Mimi hapo ndipo nilipokuwa naanza kazi. Magoli yetu karibu yote ya msimu ule yaliingia kipindi cha pili, na pasi nyingi zilikuwa zangu. Mechi zilikuwa zinaanza saa kumi kamili, zinaisha kabla ya saa kumi na mbili. Ule mpango haukuwahi kuniangusha.

Tulifika nusu fainali, ikachezewa Itigi, kwenye uwanja ulio jirani na reli. Ile siku nikiikumbuka nacheka, ila wakati ule sikucheka hata kidogo. Dakika kama ya sabini, bila kwa bila, treni ikapiga honi kwa mbali. Uwanja mzima ukahama. Nasema mzima! Akina mama na ndoo zao za kuku wa kuchemsha, vijana na madumu ya asali, waliokuwa wanatuzomea na waliokuwa wanatushangilia, wote mbio kwenda stesheni kuwahi abiria madirishani. Tukabaki sisi ishirini na wawili, refa, na mbuzi mmoja. Nikaona beki wao naye amegeuza shingo kuangalia treni. Nikapiga pasi. Namba tisa akafunga.

Wapinzani wakalalamika kwamba ameotea. Refa akageuka kumwangalia mshika kibendera wake. Hayupo. Kibendera kimechomekwa ardhini, mwenyewe yuko kwenye behewa la tatu na chupa mbili za asali. Refa akasema hawezi kukubali goli wala kulikataa bila kibendera, akadondosha mpira tuanze upya. Mimi nikamwambia refa maneno ambayo mwalimu mtarajiwa hapaswi hata kuyajua. Kadi nyekundu. Tukafungwa moja, dakika tano kabla ya mwisho, tukiwa kumi.

Madam hakunigombeza. Kesho yake asubuhi aliniletea gunia la jezi, zote, na soksi zake, akasema zifuliwe na zianikwe kabla ya kipindi cha saa nne. Nilikuwa nafua huku nalaani. Baadaye nikasikia mtu anachota maji kwenye ndoo ya pili. Namba tisa. Tulifua wote mpaka mwisho, na mimi sikumwambia asante kwa sababu bado nilikuwa na hasira.

Msimu wa tatu ulikuwa wa mwisho kwangu. Baada ya hapo ni vyeti na kupangiwa shule. Baba alishaanza kuniita "mwalimu" kwenye simu, na kila akiniita hivyo nilikuwa nabadilisha mazungumzo. Tulicheza vizuri msimu ule kuliko yote. Hatukupoteza mechi hata moja hadi fainali, na fainali ilipangwa mjini Singida, dhidi ya chuo kimoja cha ufundi ambacho kilikuwa na vijana wenye miguu minene kama vinu.

Wiki moja kabla, Madam aliniita ofisini kwake. Akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Kuna mzee ninamfahamu, ni kocha msaidizi wa timu ya ligi," akasema. "Nimemwambia habari zako. Anakuja kwenye fainali."

"Anakuja kuangalia timu, Madam?"

"Anakuja kukuangalia wewe. Wanatafuta mtu wa kuchezesha. Akikupenda, unaondoka naye kwenye kambi yao mwezi ujao. Asipokupenda, mwanangu, nenda kafundishe watoto, na hiyo siyo aibu."

Nilitoka pale nikiwa sioni njia. Bwenini nikamwambia namba tisa. Akashuka kitandani, akanipa mkono, akasema, "Nitakukimbilia kila mpira, Kapteni. Hata mbovu." Usingizi sikuupata vizuri wiki ile. Nilikuwa nacheza fainali kichwani, na kila nikiicheza ilikuwa kipindi cha pili, upepo mgongoni, mzee wa watu anasimama kwenye kiti chake.

Siku ya fainali tulifika uwanjani saa nane. Saa tisa na nusu tulishapasha misuli na kupanga mstari. Saa kumi ikafika, mechi haikuanza. Mgeni rasmi alikuwa hajafika. Ukifanya jambo kubwa kwetu lazima awepo mgeni rasmi, na mgeni rasmi asipofika jambo halianzi, hata kama ni mvua inakuja. Mshereheshaji alishika kipaza sauti akawa anatuambia mgeni wetu yuko njiani. Saa kumi na nusu alikuwa njiani. Kikundi cha ngoma kilicheza, kikapumzika, kikacheza tena zilezile. Sisi tulikaa chini, tukasimama, tukapasha misuli upya. Yule mzee alikuwa ameshafika. Madam alinionyesha kwa kidevu. Alikaa pembeni ya turubai la wageni, kofia ya pama, daftari dogo gotini. Nilimwangalia mara moja tu nikageuza uso.

Mgeni rasmi aliingia saa kumi na moja kasoro kidogo. Akatusalimia mmoja mmoja. Akahutubia, kwa kifupi, kama alivyosema mwenyewe. Tulipoitwa katikati kurusha shilingi ilikuwa saa kumi na moja na dakika zake kumi hivi, na ilikubaliwa kila kipindi kiwe dakika arobaini ili giza lisitukute.

Nikiwa nakwenda kwa refa, namba tisa akanishika mkono. Kwa kawaida yeye hanishauri.

"Kapteni, jua limeshuka. Ukishinda, chukua upepo sasa."

"Wewe funga," nikamwambia. "Mambo ya upepo niachie mimi."

Akaniachia mkono.

Nataka niseme ukweli hapa, maana kwa miaka nilikuwa nawaambia watu kwamba nilisahau saa. Sikusahau. Mtoto wa Mgori hawezi kusema hakujua upepo unalala lini. Niliangalia jua, nikaona lilipo, na nikapiga hesabu. Nikajiambia pengine leo utachelewa kulala. Nikajiambia timu imezoea hivi. Lakini chini ya yote hayo nilikuwa namwaza yule mzee na daftari lake. Nilitaka anione mwishoni. Ukicheza vizuri kipindi cha kwanza, mtu anakwenda kunywa soda, anarudi amekusahau. Nilitaka kitu cha mwisho kuandika kwenye lile daftari kiwe mimi. Nikashinda kura, na nikachagua upepo usoni.

Kipindi cha kwanza wale wa ufundi walitupiga na upepo kwelikweli. Ulikuwa bado una nguvu. Kipa wao alipiga mpira kutoka golini kwake ukadundia kwenye eneo letu. Dakika ya kumi na mbili tukafungwa. Dakika ya thelathini tukafungwa la pili, kona iliyopinda hewani na kuingia bila kuguswa na mtu. Mimi nilikuwa nawaambia wenzangu tulieni, vumilieni, kipindi cha pili ni chetu. Na waliniamini, masikini, kwa sababu misimu miwili nilikuwa nasema hivyo na inakuwa.

Mapumziko, Madam hakutoa hotuba. Alikuwa anaangalia kibendera cha kona. Nami nikakiangalia. Kilikuwa kimening'inia kama kitambaa cha jikoni. Nikainama nikachota vumbi, nikalirusha kidogo. Likashuka palepale, juu ya viatu vyangu.

"Chezeni chini," Madam akasema. "Mmesikia? Pasi fupi, mguuni. Hakuna mpira wa juu leo." Alikuwa anasema na timu nzima ila macho yalikuwa kwangu.

Nilimsikia vizuri. Lakini pasi fupi anapiga kila mtu! Mzee wa watu hakutoka kwao kuja kuona pasi fupi. Mpira wa kwanza nilioupata nikaunyanyua juu. Ukapanda ukashuka kama kiroba kilichodondoka kwenye lori, kichwani kwa beki wao. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu nikaupiga kwa nguvu zaidi, ukatoka nje. Nikaanza kufoka: kwa nini hamkimbii, mmelala, mnaniangusha. Namba tisa alikuwa amekimbia yote mitatu. Jezi yake ilikuwa imeloa mpaka kiunoni.

Baadaye akaacha kunisubiri. Akashuka mwenyewe mpaka katikati, akauchukua mpira kwa beki wetu, akanipita mimi nimesimama nainua mikono, akampiga chenga mmoja, akampiga tobo wa pili, wa tatu akamtegea, beki akateleza kwenye mawe. Akafunga kwa mguu wa kushoto, ambao hata si wake. Sijawahi kumwona akifanya vile, kwenye mechi wala mazoezini. Uwanja ulilipuka. Yeye akauokota mpira golini akakimbia nao katikati, akauweka ili wale waanze, akanigeukia. "Bado moja, Kapteni," akasema. "Miguuni tu, nakuomba."

Zilibaki dakika chache. Jua lilikuwa limekwenda, watu pembeni walishaanza kuonekana weusi tu. Nikaupata mpira katikati ya uwanja, nimegeuka, niko peke yangu. Nikamwona namba tisa. Alikuwa hatua kumi na tano mbele, mkono mmoja unaonyesha chini, mguuni kwake, hana mtu. Pasi ya kumpa ilikuwa ya mtoto wa darasa la tatu. Na nyuma ya mabeki kulikuwa na nafasi kubwa, ile nafasi yangu ya siku zote, na upande ule ndiko turubai lilikokuwa.

Nikaunyanyua.

Namba tisa aliona mguu wangu unavyorudi nyuma, akajua. Akageuka, akakimbia. Kama kungekuwa na upepo, mpira ungemkuta mbele ya kipa. Hakukuwa na upepo. Mpira ulidondoka nyuma yake, akalazimika kusimama ghafla, akajipinda, akarudi nao, akajitupa na kuugusa kwa ncha ya kiatu. Ukagonga nguzo ya goli. Ukatoka. Refa akapiga filimbi ya mwisho wakati mpira bado unabiringika kuelekea kwenye ngoma.

Sikulia. Nilitembea mpaka kwenye chupa za maji nikakaa juu ya kreti. Wenzangu walipita mmoja mmoja, hakuna aliyenisemesha, na nilikuwa nataka mmoja wao anitukane ili nipate wa kumjibu. Wale wa ufundi walikuwa wanapewa kombe lao. Nikamwona yule mzee anainuka, anafunga daftari, anazungumza na Madam. Madam akatikisa kichwa, akasema kitu, akanionyesha. Mzee akaanza kuja.

Mtu ni mjinga, bwana. Tumefungwa, nimecheza ovyo kuliko siku yoyote ya maisha yangu, lakini nilipomwona anakuja upande wangu nikasimama. Nikapandisha soksi. Nikajifuta mikono kwenye bukta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye nahodha?"

"Ndiyo, mzee."

"Pole na mchezo," akasema. Akatazama huku na huku kwenye lile giza jepesi. "Namba tisa wako yuko wapi? Niitie."

Nilijua alipo. Alikuwa nyuma ya goli la mbali anawasaidia watu kukunja nyavu, amevua viatu. Mzee hakuwa anamwona pale alipo. Nikawa na maneno tayari mdomoni, matamu kabisa: ameshaondoka, mzee. Au hata yale ya kweli: huyo hataki ligi, anataka kufundisha Itigi. Ningesema moja tu kati ya hayo, mzee angepanda gari lake. Hakuna ambaye angejua. Nikageuka nikatazama lile goli la mbali.

Halafu nikamwita. Hakusikia, nikaita mara ya pili, kwa nguvu. Akaitika, akaacha nyavu, akaja mbio kwenye mawe yale, peku, viatu mkononi, kwa sababu nahodha akiita alikuwa hatembei. Akasimama mbele yangu anahema. Hakumwona hata yule mzee kando. Alidhani nimemwita ili nimfokee, na kabla sijafungua mdomo akainamisha kichwa.

"Nisamehe, Kapteni," akasema. "Ile ya mwisho ningeifunga. Ulinipa vizuri."

Nikamwambia avae viatu, kuna mtu anamsubiri.